Upanga siku ya posho, mtoto siku zote: kupanga kazi, nyumba na mchezo unaoupenda



Siku ya posho moja, tulipotoka kwenye mkutano, mmoja wetu alituonyesha video katika telefone yake. Watu wazima wamevaa chuma toka kichwa mpaka magoti, wanapigana kwa panga na ngao katikati ya majani. Si filamu. Ni watu wa kawaida huko Marekani, wenye kazi na kodi ya nyumba ya kulipa. Tulicheka sana. Mmoja akauliza: "Hawa batu habana kazi? Habana bibi na batoto ku nyumba?" Tukacheka tena, tukaachana.

Mimi nilifika nyumbani saa mbili ya usiku. Mbele ya mkutano nilikuwa nimepita kwenye karate. Mtoto alikuwa amekwisha kulala. Bibi yangu hakupiga kelele. Alisema tu: "Wakati ya karate unapataka. Ya mutoto haupatake." Njo nikaona kwamba swali tulilolicheka lilikuwa swali langu mimi mwenyewe.

Basi nikaanza kusoma juu ya wale watu wa chuma. Nilitaka kujua wanapangaje. Nawaeleza niliyoyapata, juu nafikiri wengi wetu tuko katika shida ileile, hata kama mchezo wetu ni mpira, kwaya, judo au maigizo.

1. Ni mchezo gani?

Kundi linalojulikana sana linaitwa Society for Creative Anachronism, kwa kifupi SCA. Lilianza tarehe 1 Mei 1966, katika bustani ya nyuma ya nyumba ya Diana Paxson, mjini Berkeley, California. Huyu dada alikuwa amesoma mambo ya Ulaya ya zamani, ile ya wafalme na mashujaa wa farasi, na baadaye akawa mwandishi wa riwaya. Marafiki walikuja na mavazi ya kizamani, wakapigana kwa mchezo, wakala, wakafurahi. Ilikuwa sherehe ya siku moja tu. Leo kundi hilo limegawanyika katika "falme" karibu ishirini, na lina watu Marekani, Kanada, Ulaya na Australia. Kila mmoja anajichagulia jina na maisha ya mtu aliyeweza kuishi mbele ya karne ya 17.

Vita vyao si vya kuigiza. Hakuna aliyepanga nani atashinda. Kofia ni ya chuma kweli na mapigo ni ya nguvu, lakini upanga wenyewe ni fimbo ya rotini. Sisi tunaijua: ni ndugu wa ile kekele inayotengeneza viti na vikapu. Ni mti wa jamii ya michikichi unaopanda juu ya miti mingine kutafuta mwangaza. Ndani yake haina tundu kama mwanzi, na ikichoka haipasuki kwa vipande vikali. Inafumuka nyuzi nyuzi. Njo maana walichagua hiyo: inauma, lakini haichomi.

Kitu kilichonishangaza ni namna ya kuhesabu mapigo. Waamuzi wako, lakini kazi yao kubwa ni kulinda usalama. Anayesema kama pigo lilikuwa zuri ni yule aliyepigwa. Ukipigwa mkono, unauficha nyuma na kuendelea na mmoja. Ukipigwa mguu, unapiga magoti. Ukipigwa kichwa au kifua kwa nguvu ya kutosha, unaanguka mwenyewe. Mchezo wote unasimama juu ya mtu kukubali kwamba amepigwa.

Kuna wengine wanaotumia chuma kisicho na makali. Mchezo huo unaitwa buhurt. Wanapigana kundi kwa kundi, na anayeanguka chini ametoka. Mashindano yao makubwa ya mataifa yalianza mwaka 2010 kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine. Hapo mtu kuvunjika mfupa si ajabu. Kuna pia wanaorudilia vita vya historia yenyewe. Uingereza wanakumbuka vita vya Hastings vya tarehe 14 Oktoba 1066. Polandi wanakumbuka vita vya Grunwald vya tarehe 15 Julai 1410. Huko mshindi anajulikana tangu mbele. Kila wakifanya mchezo wa Hastings, mfalme Harold anakufa tena, hata apigane namna gani.

2. Mchezo unakula nini?

Unakula vitu vitatu: saa, makuta na mwili.

Saa: kuna mazoezi karibu kila juma, kuna kutengeneza vyuma na kushona ngozi, na kuna safari za wikendi. Tena kuna "vita" vikubwa vya Pennsic, vilivyoanza mwaka 1972 na vinavyofanyika Pennsylvania, kati ya mwisho wa Julai na Agosti. Vinachukua karibu juma mbili, na zaidi ya watu 10,000 wanalala katika mahema. Kwa wafanyakazi wengi wa Marekani, juma mbili zinaweza kuwa likizo yote ya mwaka. Anayekwenda huko amechagua kutokwenda kwa mama yake.

Makuta: kofia, kifua cha chuma, glavu, ngao, mafuta ya gari. Vyuma vizuri vinafika mamia ya dola, na vingine vinapita elfu.

Mwili: unarudi na alama nyeusi mapajani, na siku ya kwanza asubuhi uko kwenye kazi. Anayeinua mizigo au kusimama siku nzima anajua maana yake. Kichwa kikitikiswa sana, si mchezo tena.

Kwa hiyo swali la yule rafiki yetu lilikuwa la haki. Hawa watu wana kazi, wana bibi au bwana, wana watoto. Wanapangaje?

3. Wanavyopanga

Jambo la kwanza: hawakuacha nyumba inje ya mchezo. Katika SCA, anayepigana ni mmoja kati ya wengi. Kuna wanaopika vyakula vya zamani, wanaoshona, wanaofuma, wanaoandika kwa wino na kalamu ya nyoya, wanaocheza ngoma za kale. Vita vikali vya fimbo si vya watoto, lakini watoto wana michezo yao yenye silaha laini. Wanawake pia wanapigana, na wengine wanawaangusha wanaume vizuri sana. Familia haiketi pembeni kumungojea baba amalize. Kila mtu ana kazi yake pale.

Lakini tuwe wakweli: si kila bibi anataka kushona nguo za mwaka 1300. Kumuleta mtu kwenye mchezo wako na kumupa sufuria, hiyo si kupanga, hiyo ni kuhamisha jikoni tu. Inafaa pale mwenzako amejichagulia mwenyewe.

Jambo la pili: wanakubali majira. Mtoto akizaliwa, vyuma vinawekwa mafuta na kufungiwa katika sanduku, mwaka moja au miwili. Kazi ikiwa nzito, mtu anakwenda mazoezi mara moja kwa mwezi. Hajaacha mchezo, amepumzisha shamba. Sisi wa agronomi tunajua: udongo uliopumzishwa haujafa.

Jambo la tatu nalipenda kupita yote. Katika SCA mfalme hachaguliwi kwa kura. Anashinda taji kwa kupigana. Lakini anayeingia mashindano hayo anapigana kwa ajili ya mtu mwingine, na akishinda, mtu huyo anakuwa malkia au mfalme pamoja naye. Utawala unachukua karibu miezi sita katika falme nyingi, na ni safari karibu kila wikendi, kukaa mikutanoni, kutoa heshima kwa watu. Kwa hiyo lazima wawili wakubaliane mbele ya fimbo ya kwanza: tuna makuta ya safari? Nani atabaki na watoto? Kazi itaturuhusu? Hapo "nitajaribu tu, tutaona" haitoshi, juu unaweza kushinda.

Wangapi wetu tulikubali ukapita wa timu, uongozi wa kwaya au ukatibu wa chama, kisha nyumbani tukapeleka habari tu?

4. Hesabu ya saa, na kosa langu

Nilifanya hesabu yangu. Juma ina saa 168. Kulala saa 7 kila siku: 49. Kazi masiku sita, saa 8: 48. Njia, saa 2 kwa masiku sita: 12. Kula, kuoga, kanisa, kusalimia watu, kama saa 3 kila siku: 21. Jumla 130. Zinabaki saa 38. Karate mara mbili, pamoja na njia, ni saa 6. Mashindano au mkutano siku ya posho, saa 5. Zinabaki 27. Nikafurahi, nikasema: bibi yangu anakosea, wakati iko mwingi!

Nilikuwa nafanya kosa tunalowakataza wakulima. Mukulima anasema: "Mwaka huu mvua ilinyesha mingi, lakini mahindi hayakuzaa." Unamwuliza: ilinyesha lini? Mahindi yanaweza kuvumilia jua kidogo yakiwa madogo. Lakini yanapotoa ndevu, mvua ikikosa kwa juma mbili, punje hazijai. Hata inyeshe namna gani kisha, gunzi limekwisha kuwa na mapengo. Si jumla ya mvua tu inayotoa mavuno, ni mvua ya wakati ule.

Mtoto wangu anaamuka saa kumi na mbili, mimi natoka saa moja. Analala saa mbili ya usiku. Masiku ya kazi, saa zake na mimi ni toka saa kumi na moja mpaka saa mbili. Karate yangu ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Zile saa 27 nilizozihesabu nyingi zilikuwa za usiku, wakati yeye amelala, au zilikuwa vipande vipande vya kukaa na telefone. Mvua ilikuwapo. Ilinyesha nje ya majira.

Tena kulikuwa hesabu nyingine ambayo sikuifanya: ya bibi yangu. Yeye pia anafanya kazi. Nilipokaa naye tukaandika saa zake, mayi, chakula, kufua, mtoto, ile sehemu ya "zinabaki" ilikuwa karibu bure. Saa zangu 38 zilitoka katika saa zake. Hapo nilifanya kama wale wapiganaji wanavyofanya. Nilikubali kwamba pigo lilikuwa zuri.

5. Kwetu je?

Siwezi kusema tuwaige moja kwa moja. Wengi wao wana mshahara unaofika kila mwezi. Wengi wetu tuna lisansi mkononi na tunangojea. Wengine wanafanya staji isiyolipwa, wengine wanaanza shamba dogo kwa mkopo wa mjomba. Na matanga hayaombi ruhusa kwa kalenda yako.

Lakini usiseme kwamba asiye na kazi hana haki ya mchezo. Mwenye kungojea ana hitaji zaidi la mahali ambapo watu wanamungojea saa fulani, anatoa jasho, anapiga na anapigwa, anarudi nyumbani akiwa amechoka vizuri. Mwaka wangu wa kutafuta kazi, karate ndiyo iliyoniamusha kitandani. Njo maana sikuiacha sasa. Niliisogeza.

Tulivyopanga nyumbani ni hivi. Mazoezi ni siku ya posho asubuhi, mara moja tu kwa juma, na siku ya yenga ni ya nyumba. Siku ya ine jioni bibi yangu anakwenda kwaya yake, aliyokuwa ameiacha tangu mtoto azaliwe, na mimi nabaki. Si "kumusaidia"; ni zamu yangu. Kitu chochote kipya, safari ya mashindano au cheo cha chama, tunakizungumuza mbele ya kusema ndiyo. Kila mwanzo wa msimu wa kupanda, wakati kazi yangu ya mashamba inakuwa nzito, tunaangalia mupango upya.

Sijapata mukanda niliokuwa naungojea mwaka huu, na mwalimu wangu hakufurahi. Pigo hilo pia nimelikubali.

Juma iliyopita, siku ya ine, mtoto alikataa kulala mpaka mama yake arudi. Akachukua mwiko, mimi nikachukua kifuniko cha sufuria, tukapigana sebuleni. Alinipiga kifuani. Nikaanguka mwenyewe, sawa wanavyofanya wale wa California.

Wewe ndugu, wewe dada, andika saa zako 168. Kisha mwombe mwenzako au mama yako aandike zake, mukae chini muzilinganishe.