Pedali bapa za baiskeli ya milimani: Nini cha kutazama kabla ya kununua

Mwendeshaji baiskeli anaposhuka mlima wenye mawe na mizizi hakai kwenye kiti. Husimama, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na mwili wake hugusa baiskeli mahali pawili tu: viganja kwenye usukani na nyayo kwenye pedali. Hata hivyo, wanunuzi wengi wa baiskeli za milimani huulizia breki, gia na tairi, kisha hukubali pedali yoyote iliyokuja na baiskeli. Mara nyingi pedali hiyo ni kipande chembamba cha plastiki ambacho kikipata maji na tope huteleza kama sabuni. Mguu ukichomoka katikati ya mteremko, uzito wote wa mtu huangukia kiti au bomba la juu la fremu, na usukani humponyoka mikononi.

Nchini Rwanda hatari hiyo haiko mbali. Njia ya Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, hupita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke ikipanda na kushuka vilima vilivyo juu ya Ziwa Kivu. Sehemu zake nyingi ni udongo na mawe, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, udongo huo hugeuka utelezi. Anayeipita kwa baiskeli huweza kujikuta mbali na kituo cha afya, na mbali zaidi na duka la vipuri.

Kufungwa au kuwa huru

Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yaliyofanyika Kigali tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, yaliwaonesha watazamaji waendeshaji ambao viatu vyao vilikuwa vimenaswa kwenye pedali. Chini ya kiatu cha namna hiyo kuna kipande kidogo cha chuma au plastiki ngumu kinachoingia kwenye pedali na kushikwa na springi. Ili kujinasua, mwendeshaji huzungusha kisigino kuelekea nje. Kwa Kiingereza pedali hizo zina jina linalomaanisha “zisizo na kibanio”, jina linalomchanganya kila mgeni wa mchezo huu, kwa kuwa zinabana kuliko nyingine zote. Sababu ni ya kihistoria: kabla yake waendeshaji walitumia vikapu vidogo vya chuma na mikanda ya ngozi, na pedali mpya zikaviondoa vibanio hivyo. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilizileta sokoni mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Shimano ya Japani ilitoa zake za baiskeli za milimani mwaka 1990.

Ni rahisi kijana aliyetazama mashindano hayo kuhitimisha kwamba mwendeshaji wa kweli ni aliyefungwa. Kwenye lami hoja hiyo ina msingi. Mlimani mambo ni tofauti, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Mwaustralia Sam Hill, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima mwaka 2006, 2007 na 2010 akitumia pedali bapa, wakati wapinzani wake wengi walikuwa wamefunga viatu. Baadaye alihamia mbio ndefu za enduro, ambamo waendeshaji hupanda na kushuka kwa saa nyingi, na akashinda taji la jumla la mfululizo wa dunia mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, kwa pedali za aina ileile.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya pedali bapa ni kwamba mguu hauwezi kuivuta pedali juu, hivyo nguvu nyingi hupotea. Vipimo vya maabara havikuiunga mkono hoja hiyo. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2007 na 2008 ziliwapima waendeshaji katika mwendo wa kawaida, na zikaonesha kwamba anayejilazimisha kuvuta juu hutumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mguu wa binadamu umeumbwa kusukuma. Faida ya kufungwa hubaki katika mbio fupi za nguvu zote, na mahali ambapo baiskeli hurukaruka kiasi cha kuutupa mguu nje. Waendeshaji wa mashindano ya nyika, karibu wote, hufunga viatu kwa sababu hizo.

Lakini anayejifunza, au anayepita njia asiyoijua, huhitaji zaidi uwezo wa kuuweka mguu chini mara moja. Aliyefungwa akisimama ghafla kwenye mpando mkali na asiwahi kuzungusha kisigino, huanguka ubavu pamoja na baiskeli yake. Anguko hilo huwapata karibu wote wanaoanza. Kwenye uwanja wa nyasi ni jambo la kuchekwa. Kwenye ukingo wa korongo si la kuchekwa hata kidogo.

Kiatu ni nusu ya pedali

Pedali bapa nzuri ikikutana na kiatu kibaya huwa pedali mbaya. Mshiko hutokana na pini za chuma zilizosimama juu ya uso wa pedali zikijichimbia kwenye mpira wa soli. Kwa hiyo soli inayofaa ni bapa, ya mpira laini, isiyo na mabonde makubwa. Viatu vya kukimbilia, ambavyo wengi huvitumia kwa kudhani kwamba kiatu cha michezo ni kiatu cha michezo, havifai: soli yake ni ya povu, hujikunja juu ya pedali, na mifereji yake mipana huziacha pini zikielea bila kushika chochote. Viatu vizito vya kupandia milima vina tatizo hilohilo la mifereji, na zaidi ya hapo humnyima mtu hisia ya mahali mguu wake ulipo. Kandambili hazistahili hata kujadiliwa.

Kiatu mahususi kilitoka kwa wapanda miamba. Kampuni ya Five Ten, iliyoanzishwa California mwaka 1985 na Charles Cole, ilitengeneza mpira ulioitwa Stealth ili vidole vya mpandaji vishike kwenye jiwe. Mpira huohuo ulipowekwa chini ya viatu vya baiskeli, waendeshaji walipata mshiko ambao hawakuwa wameuzoea. Adidas iliinunua kampuni hiyo mwaka 2011. Viatu hivyo ni ghali, na si lazima. Raba za kitambaa zenye soli bapa, zile za mtindo wa shuleni, hushika pini vizuri kuliko viatu vingi vya bei ya juu vya kukimbilia. Upungufu wake ni kwamba soli ni nyembamba, na baada ya saa kadhaa unyayo huanza kuuma kwa sababu pini husikika ndani. Mwenye fedha za kutosha kitu kimoja tu kati ya kiatu na pedali atafute kwanza kiatu.

Pini, umbo na ukubwa

Pini ndizo zinazotofautisha pedali ya mlimani na ile ya baiskeli ya mizigo, yenye vipande vya mpira juu ya fremu ya chuma. Mpira huo hutosha njia ikiwa kavu na mwendo ukiwa wa taratibu. Ukilowa, hauna cha kushikilia.

Pedali za plastiki za bei ya chini huwa na vinundu vilivyofinyangwa pamoja nazo. Vikisagika, na vitasagika, hakuna dawa ila kununua nyingine. Pini za chuma hufungwa kwa hesi kama skrubu, na moja ikivunjika huondolewa na kuwekwa mpya. Hapa kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Pini nyingine huingizwa kutoka juu, na tundu la kuizungushia liko kwenye ncha yake. Pini hiyo ikigonga jiwe, tundu huharibika na fundi hana pa kushika. Nyingine huingizwa kutoka upande wa pili wa pedali, hivyo hata ncha ikipinda, kichwa chake hubaki salama na hufunguliwa bila taabu. Aina hiyo ya pili ndiyo ya kutafuta. Pedali nyingi nzuri zina pini kati ya nane na kumi na mbili kila upande. Zilizo ndefu hushika zaidi, na zilizo kwenye kingo hufanya kazi kubwa kuliko zilizo katikati.

Kinachoshika mpira hukata pia nyama. Mguu ukiteleza, pedali huzunguka na kuupiga ugoko, na hapo kwenye ugoko kuna ngozi nyembamba juu ya mfupa. Jeraha la pini kwa kawaida ni mistari kadhaa iliyopasuka, yenye udongo ndani. Lioshwe kwa maji safi na sabuni mapema iwezekanavyo, na lililozama lipelekwe kituo cha afya, ambako mhudumu huuliza pia habari za chanjo ya pepopunda. Vilinda ugoko kama vya wachezaji wa kandanda hupunguza madhara, na kwa wanaoanza si aibu kuvivaa.

Umbo la uso nalo lina maneno. Pedali inayofaa imebonyea kidogo katikati, kingo zikiwa juu kuliko kati kwa milimita moja au mbili, ili unyayo ukae kama kwenye sahani. Nyingi za bei nafuu zimetuna katikati kwa sababu ekseli iliyo ndani ni nene, na mguu juu yake hubembea mbele na nyuma. Ni rahisi kulipima hili dukani: mnunuzi aweke ubapa wa rula juu ya kingo, atazame kama mwanga unapita katikati. Kwa ukubwa, uso wa takriban milimita 100 kwa 100 huwatosha watu wengi. Mwenye mguu mkubwa atafute zaidi ya hapo. Shimano kwa mfano hutoa pedali zake bapa za XT kwa saizi mbili kulingana na namba ya kiatu. Pedali nene hugonga mawe mara nyingi zaidi kuliko nyembamba, na iliyo wazi katikati huachia tope lianguke badala ya kulihifadhi chini ya kiatu, faida ambayo msafiri wa miezi ya mvua ataiona siku ya kwanza.

Kuhusu alumini na nailoni, maneno mengi hayahitajiki. Nailoni ni nafuu, huteleza juu ya jiwe badala ya kunasa, na ikiwa na pini za chuma zinazoondolewa inatosha kabisa. Alumini hudumu zaidi na hugharimu mara mbili au tatu.

Kilichomo ndani, na namna ya kuzifunga

Pedali huzunguka juu ya ekseli ya chuma kwa msaada wa gololi zilizo wazi, au bushi pamoja na beringi zilizofungwa. Matangazo huzisifu beringi zilizofungwa kwa sababu hazipitishi maji upesi. Ni kweli, lakini zikichakaa huhitaji kipuri cha kipimo kilekile, ambacho mara nyingi hakipatikani hapa. Gololi na koni ni teknolojia ya zamani, nayo humwezesha fundi yeyote wa kijijini kufungua, kuosha kwa mafuta ya taa, kupaka grisi na kukaza tena. Shimano yenyewe bado huitumia katika pedali hizo za XT. Kwa anayeishi mbali na mji, pedali inayofunguka ina thamani kuliko iliyo nyepesi.

Kabla ya kulipa, kipimo cha hesi kihakikishwe. Baiskeli nyingi hutumia kipenyo cha inchi 9/16, lakini zenye mikono ya pedali iliyoundwa kwa kipande kimoja cha chuma, hasa za watoto na za bei ya chini, hutumia nusu inchi. Vipimo hivyo haviingiliani.

Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume, ili mzunguko wa mguu usiilegeze safarini. Anayesahau hilo huilazimisha kwa spana hadi hesi za mkono wa alumini zikaharibika, na gharama ya kuubadilisha mkono huo huweza kuzidi ya pedali zenyewe. Alama za L kwa kushoto na R kwa kulia huwa zimechongwa kwenye ekseli. Hesi zipakwe grisi, pedali ianzwe kuingizwa kwa vidole bila spana, na kwa pande zote mbili ekseli ikazwe kwa kuzungushwa kuelekea gurudumu la mbele. Baada ya safari ya kwanza zikaguliwe tena, kwa kuwa ndipo zile ambazo hazikukazwa vizuri huanza kulegea.