Kanisa Lisilo na Paa

Leo twende Italia, katika bonde moja karibu na mji wa Siena. Huko limesimama kanisa la San Galgano, lenye kuta ndefu za mawe, lakini juu yake ni mbingu tupu.

Watawa wa Sistersiani walianza kulijenga yapata mwaka 1218, nalo likawekwa wakfu mwaka 1288. Limejengwa kwa umbo la msalaba, na urefu wake wapata meta 70. Matao yake yamechongoka juu. Ukuta wa mashariki una madirisha marefu sita, matatu chini na matatu juu, yaingizayo mwanga wa asubuhi. Mapambo ni machache.

Ni nini basi kililiharibu? Tauni ya mwaka 1348 iliwapunguza watawa, na askari wa kukodiwa wakapora mali. Lakini jeraha kubwa lilitoka kwa walinzi wenyewe. Katika karne ya 16 walikuwapo wakuu waliopokea mapato bila kuijali nyumba; mmoja wao aliyabandua madini ya risasi yaliyofunika paa, akayauza. Mvua ikapenya mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1786 mnara wa kengele ulianguka juu ya paa, na mwaka 1789 ibada zikakomeshwa rasmi.

Ndugu zetu, kuta zile zingali imara hata leo. Aliyekosekana ni mtu wa kuziba tundu la kwanza. Sisi tuchangao kwa furaha kujenga kanisa jipya, je, tumemweka nani kulitunza?