Tanga Likishaanuliwa

Msiba wa pwani ya Tanga una siku tatu zake, na katika siku hizo watu hawakosekani. Habari ikishatangazwa msikitini, majirani hufika bila kuitwa. Wanaume hutandika majamvi nje, wanawake hujifunga khanga viunoni wakaingia uani kuchochea kuni. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, kisha jeneza hupokezanwa mabegani hadi makaburini. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia hutangaza: anayemdai marehemu awaone wafiwa. Madeni hutajwa mapema namna hiyo. Habari ya watoto husubiri.

Naiona kasoro hapo, maana mafundisho tunayo. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo zito. Siku tatu zilipopita akaenda kwao, akataka watoto waletwe, akamwita kinyozi awanyoe. Mama yao alipotaja uyatima wao, akamwambia kuwa yeye ndiye walii wao. Mwenyewe alikuwa amelelewa na ami yake Abu Talib, baba wa huyo Jaafar. Siku hizi mfiwa ndiye anayekopa mchele wa kulisha wageni, na siku ya tatu, khitma ikishasomwa na pilau kuliwa, kila mtu anawahi basi.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani. Sare zangu zote za shule ya msingi alizishona yeye, na hakupokea hata senti kwa mama. Tulipoanua tanga lake, wajomba waliobaki walikaa chumbani kupanga: binti mkubwa aende Korogwe, wa kati Muheza, mdogo abaki na mama yake. Walikuwa na nia njema. Mama yangu, shangazi wa watoto hao, alisimama mlangoni ameshika mwiko.

“Kaka zangu, watoto si sahani za kugawana. Waacheni na mama yao, ninyi leteni unga.”

Alisema kweli. Mjane aliyekalia eda hukaa miezi minne na siku kumi bila kutoka ovyo, na huyu alikuwa akiuza vitumbua sokoni. Njaa ya mayatima huanzia hapo, katika wiki ambazo mama hawezi kuifuata riziki na wageni wameshaondoka. Mikono ya ndugu wa marehemu inatakiwa zaidi wakati huo kuliko siku ya mazishi.

Kisha kuna mali. Mjomba mmoja aliomba cherehani “iwe kumbukumbu”. Lakini marehemu aliyeacha mtoto wa kiume, kama huyu wetu, ndugu zake hawarithi: madeni na wasia vikishatoka, mjane ana thumni, na kama wazazi wa marehemu wameshatangulia, kilichobaki ni cha watoto. Aya ya 10 ya Suratun-Nisaa inasema anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anakula moto tumboni mwake. Cherehani ilibaki pale pale barazani, na binti mkubwa sasa anaitumia jioni akitoka shule.

Wajomba wamegawana ada. Mimi nimechukua sare na madaftari. Anayewafaa zaidi, kwa maoni yangu, ni mjomba wa Muheza, ambaye kila mwisho wa mwezi huja mwenyewe na unga, akaketi barazani na kukagua daftari moja baada ya jingine, akimuuliza kila mtoto kwa nini hesabu hii imekosewa.