Spea Ikiitwa Irudi, Mtajuaje?

Kampuni ikigundua kwamba kifaa ilichouza kina kasoro ya hatari, hutangaza kirudishwe. Mwaka 2005 Toyota iliagiza zaidi ya magari 700,000 nchini Marekani yarudishwe yakaguliwe boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu la mbele. Kikichomoka, gurudumu hulala na dereva hawezi kukata kona tena.

Wenye magari hayo waliandikiwa barua, kwa sababu gari lina namba na mwenyewe anajulikana. Lakini spea tunayonunua dukani, nani anajua imefungwa kwa gari gani? Tangazo haliwezi kutufuata kijijini.

Basi, kikundi chenye pikapu au matatu kifanye hivi:

1. Fundi asitupe pakiti ya spea. Mwombeni awape.
2. Andikeni katika daftari jina la kampuni, namba ya spea, duka na tarehe. Risiti akae nayo mweka hazina.
3. Spea isiyo na jina wala namba tusinunue, hata ikiwa bei rahisi.
4. Mkisikia kugonga-gonga mbele, au usukani unavuta upande mmoja, gari lisimame mpaka fundi alitazame.

Tukumbuke: juu ya magunia yetu huketi watu.