Umejaza wino, printa bado inatoa mistari mitupu: tatizo liko wapi?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha mchana, tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Alikuwa amechukua kazi ya kuprinti mitihani ya majaribio ya shule mbili, ya kufanywa Jumatatu. Ijumaa jioni wino ukaanza kufifia. Akatoa katriji nyeusi, akaitikisa, akaendelea na karatasi nyingine kama ishirini. Ulipokata kabisa akanunua chupa za wino na bomba la sindano, akajaza zote mbili, nyeusi na ya rangi. Karatasi ya kwanza ikatoka na mistari mieupe katikati ya maneno. Baada ya hapo zikatoka nyeupe tupu. "Nizitupe?" akauliza.

Tulizungumza na mafundi wawili wa printa mjini, tukaongeza na tuliyojifunza wenyewe, maana hata printa ya hapa studio inajazwa kwa sindano.

Kwanza tazama katriji yako. Kama ni ile ndogo yenye vidoti vya rangi ya shaba ubavuni, kama zilivyo nyingi za HP na Canon za bei nafuu, basi chini yake kuna kibati chembamba chenye matundu ambayo ni membamba kuliko unywele. Nyuma ya kila tundu kuna kipande kidogo kinachopata moto. Wino unachemka hapo kwa kufumba na kufumbua, povu linausukuma, tone linaruka kwenye karatasi. Njia hii iligunduliwa Japani mwaka 1977, pale chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa kwa bahati mbaya sindano yenye wino katika maabara ya Canon, na wino ukaruka. Kwa hiyo sindano na wino wamejuana zamani.

Hapo ndipo kosa la dada yetu linapoeleweka. Wino ndio unaopooza vile vipande vya moto. Ukiendelea kuprinti wakati katriji imekauka, vinaungua, na kilichoungua hakirudi hata ukijaza wino wa aina gani. Watu wengi wanasema katriji imeharibika kwa kujazwa, kumbe ilikufa kabla ya kujazwa. Maandishi yakianza kufifia tu, simama ujaze. Kompyuta inaweza kuendelea kukuambia wino umeisha hata baada ya kujaza, kwa sababu yenyewe inahesabu matone na haioni ndani. Hilo lisikutishe.

Lakini si kila katriji isiyotoa wino imeungua. Kabla ya kuitupa, angalia inavyokosea. Ikiwa inaanza vizuri kisha inafifia katikati ya ukurasa, matundu hayajaziba. Hewa haiingii. Juu ya katriji, chini ya ile karatasi ya nembo, kuna vishimo vya kupumulia. Ukishajaza ukaziba vyote kwa solatepu, wino unashindwa kushuka, kama soda kwenye chupa uliyoziba mdomo kwa kidole. Bandua solatepu, ujaribu tena.

Ikiwa karatasi ni tupu tangu mwanzo, mara tu baada ya kujaza, huenda ni hewa iliyonaswa kwenye sifongo la ndani. Hii inatokea ukisukuma bomba kwa haraka. Wino uingie polepole, mililita moja moja, na ukiuona unachungulia kwenye shimo, acha, vuta kidogo urudi. Usizidishe, maana kwenye katriji ya rangi wino ukifurika njano inaingia kwenye waridi na kazi yote inaharibika. Kisha iache imekaa saa chache, matundu yakiwa chini. Wengi wetu hatuna subira hiyo wakati mteja amesimama mlangoni.

Ikiwa ni mistari mieupe ileile, mahali palepale, kila ukurasa, hapo ndipo matundu yameziba kwa wino mkavu. Kunja tishu mara kadhaa, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, iweke kwenye kisahani, kalisha katriji juu yake matundu yakiwa chini kwa dakika tano hivi. Usitumie maji yanayochemka. Kisha igandamize polepole kwenye tishu kavu bila kusugua, uinue. Katriji ya rangi nzima inaacha michirizi mitatu: bluu, waridi na njano. Mchirizi unaokosekana ndio ulioziba, rudia. Pini, wembe na mswaki usivitumie kabisa.

Kuhusu maji, sikiliza vizuri. Maji ya visima vingi vya huku kwetu yana chumvi, na yakikauka chumvi inabaki kwenye matundu. Yanayofaa zaidi ni yale ya kuongeza kwenye betri ya gari, ambayo ni maji yaliyosafishwa. Ila duka hilohilo la spea linauza pia asidi ya betri, na wapo wanaoiita "maji ya betri" vilevile. Asidi inaunguza ngozi na macho. Soma lebo, muulize muuzaji, na kama huna uhakika tumia maji ya kunywa ya chupa.

Printa za tangi, kama zile za Epson zenye vichupa vya wino pembeni, ni habari nyingine. Kichwa chenye matundu kimefungwa ndani ya mashine, hukitoi ukakiweka kwenye tishu. Hapo unatumia amri ya kusafisha kichwa kwenye kompyuta, kisha unaprinti ukurasa wa kukagua matundu. Fanya mara mbili au tatu, kama haijakaa sawa izime ilale hadi kesho. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sifongo lililo chini ya printa, na sifongo likijaa mashine inakataa kufanya kazi. Tumeona mtu akisafisha mara kumi na tano kwa hasira, wino wa nusu tangi umekwenda, mistari bado ipo.

Kitu kingine kinachokausha matundu huku vijijini ni namna tunavyozima. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa kimpira. Ukizima kwenye soketi, au LUKU ikiisha katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi, na vumbi la kiangazi unalijua. Umeme ukirudi, iwashe hata kama huna kazi, ijifunike, ndipo uizime kwa kitufe. Kama wateja ni wa msimu, toa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki.

Dada yetu alijaribu Jumamosi asubuhi. Katriji ya rangi ilitoa michirizi miwili, na baada ya kuilowanisha mara ya pili ikatoa yote mitatu. Ile nyeusi aliilowanisha, akaiacha kutwa, akabandua solatepu, haikutoa kitu. Hiyo tulimwambia aiage. Mitihani aliipeleka kwa jirani mwenye printa ya tangi, wakagawana faida, na Jumatatu saa moja asubuhi walimu wakaichukua.