Mkopo wa Nyumba Umepita: Je, Ni Pesa Ngapi Zitamfikia Muuzaji?

Tuseme umepata nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya soko la Kachibora. Mwenyewe anataka Sh2,000,000. Umekuwa ukiweka pesa za mahindi msimu baada ya msimu, na leo afisa wa mikopo amekupigia simu kutoka Kitale: mkopo wa Sh1,800,000 umepita. Unashika simu utume amana ya asilimia 10, yaani Sh200,000, ili mtie sahihi makubaliano. Laki mbili zako na milioni moja laki nane za mkopo, jumla milioni mbili. Hesabu imeisha, sivyo?

Ngoja kwanza. Hesabu hiyo ina shimo, na ni rahisi kulitambua ukiwa umeshachelewa.

Pesa zilizoidhinishwa si pesa zinazotolewa

Benki na Sacco nyingi hukata ada zao juu kwa juu, kabla mkopo haujatoka. Wengine hukutaka uzilipe kando, kutoka mfukoni mwako. Njia yoyote ile, mzigo ni wako. Wacha tuone mfano. Viwango vya ada hapa ni vya kuelezea tu. Kila mkopeshaji ana vyake.

- Ada ya kushughulikia mkopo, tuseme asilimia 2: Sh36,000
- Bima ya mkopo: Sh18,000
- Mthamini wa nyumba: Sh15,000
- Wakili anayeandika na kusajili rehani: Sh40,000
- Ushuru wa stempu kwa hati ya rehani, asilimia 0.1: Sh1,800

Jumla ni Sh110,800. Zikikatwa zote kwenye mkopo, zinabaki Sh1,689,200. Muuzaji naye bado anangoja Sh1,800,000 yake kamili. Hajali benki imekata nini; yeye anajua bei mliyoandikiana.

Na bado kuna ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki, ambao mnunuzi hulipa kwa KRA. Ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kwa nyumba ya milioni mbili, hiyo ni Sh80,000 au Sh40,000. Uliza mapema ploti yako imeandikishwa upande gani. Ikiwa bado ni shamba, mtahitaji pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.

Kwa hiyo pengo lako halisi ni kati ya Sh150,800 na Sh190,800.

Kwa nini pengo hili ni hatari

Makubaliano ya kununua nyumba huwa na siku ya mwisho, mara nyingi siku 90. Usipomaliza kulipa kwa wakati, makubaliano mengi humruhusu muuzaji kuvunja mkataba na hata kubaki na amana. Ndiyo maana kukosa Sh110,800 kunaweza kukupotezea Sh200,000, na nyumba pia.

Kuna jambo la pili. Riba unahesabiwa juu ya Sh1,800,000 yote, ingawa muuzaji alifikiwa na Sh1,689,200 tu. Ukisema uongeze mkopo uzibe pengo, ada ya asilimia nayo inapanda, na utakuwa unalipa riba juu ya ada kwa miaka yote ya mkopo. Ukiweza, ada zilipe kwa akiba yako.

La tatu ni mkopo wa zamani. Kama ulikopa Sacco pesa za mbolea na mbegu na hujamaliza, wengi hukata deni hilo kwanza. Uliza kabla.

Maswali manne kabla ya kutuma amana

1. "Baada ya kukata kila kitu, muuzaji atapokea shilingi ngapi?" Jibu liwe kwa maandishi. Barua ya ofa ikitaja mkopo wote tu, omba orodha ya makato.
2. "Ada zipi zinakatwa kwenye mkopo, na zipi ninalipa kando?" Uliza pia zipi hazirudishwi mkopo ukikwama. Mthamini akishafanya kazi, kwa kawaida pesa zake zimeenda.
3. "Gharama yote ya mkopo ni ngapi hadi mwisho?" Tangu 2017, Benki Kuu ya Kenya na chama cha mabenki wana tovuti ya kulinganisha gharama za mikopo ya benki. Usilinganishe riba peke yake.
4. "Pesa zitatoka lini?" Kwa kawaida ni baada ya rehani kusajiliwa kwenye ofisi ya ardhi. Hakikisha siku ya mwisho ya makubaliano yako inaacha nafasi ya kutosha.

Simu yako inaingia wapi

Mkopo wa nyumba kwa kawaida haupiti kwenye laini yako. Mkopeshaji humlipa muuzaji moja kwa moja au kupitia wakili wake. Simu yako itatumika zaidi kwa malipo madogo: mthamini, ada na ushuru. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, nambari 222222. Amana nayo ni salama zaidi ikienda kwenye akaunti ya wakili kuliko kwenye simu ya muuzaji, na uombe risiti.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu akikupigia aseme, "Mkopo wako uko tayari, tuma Sh15,000 kwa nambari hii ndio tuuachilie," na nambari ni ya mtu binafsi, usitume. Kata simu, kisha uende mwenyewe kwenye tawi au upige nambari iliyo kwenye barua yako ya ofa. Na kama umeshatuma, tupigie mara moja tujaribu kuzuia pesa hizo kabla hazijatolewa.

Kwa hiyo leo, kabla hujabonyeza tuma, chukua karatasi. Andika bei ya nyumba, toa amana, kisha toa pesa zitakazomfikia muuzaji baada ya makato. Ikibaki chochote, hicho ndicho unachopaswa kuwa nacho mkononi, pamoja na ushuru, kabla ya kutia sahihi.