Mtoto mwenye mashoto anataka gitaa la umeme, mzazi uanzie wapi?

Mzazi anaingia sebuleni na kumkuta mwanawe amekumbatia ufagio, anapiga gitaa la kujifanya huku redio ikiimba. Wengi hucheka na kuendelea na shughuli zao. Lakini kama unafikiria kumnunulia gitaa la kweli, tazama jambo moja kwanza. Mkono upi umeshika mpini, na upi unapiga nyuzi ambazo hazipo?

Wapigaji wengi hubonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzipiga kwa wa kulia. Mtoto anayefanya kinyume huenda ni miongoni mwa watu wenye mashoto, ambao ni takriban mmoja kati ya kila kumi. Mtoto wa aina hii anaweza kukosewa mara mbili kwa mpigo: ananunuliwa gitaa la upande usio wake, tena la saizi ya mtu mzima. Baada ya wiki chache gitaa linasukumwa nyuma ya kabati, na yeye anaambiwa hana bidii.

Mkono usilazimishwe

Katika familia nyingi suala la mkono si dogo. Jina lenyewe la mkono wa kulia limetokana na kula, na mtoto hufundishwa mapema asile wala asipokee kitu kwa kushoto. Adabu hiyo ina mahali pake, ila gitaa si sahani ya chakula.

Jimi Hendrix wa Marekani, mmoja wa wapiga gitaa wakubwa waliowahi kutokea, alikuwa na mashoto. Mdogo wake, Leon, amesimulia kwamba baba yao aliamini mambo ya kushoto ni ya shetani, hivyo Jimi alikuwa akigeuza gitaa na kupiga kwa kulia baba anapokuwapo. Akitoka tu, analirudisha.

Kupendelea mkono mmoja kunatokana na jinsi ubongo unavyoongoza mwili. Si ukaidi, wala si ugonjwa wa kutibiwa. Hata hivyo, si kila mwenye mashoto anahitaji gitaa la kushoto. Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits ana mashoto, lakini hupiga gitaa la kulia. La msingi ni mtoto ajaribu pande zote mbili kwa siku kadhaa, kisha achague mwenyewe.

Sentimita chache zina maana

Jambo la pili ni urefu wa nyuzi, yaani umbali kutoka kijiti chenye mifereji kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja. Katika gitaa la Fender Stratocaster la kawaida, umbali huo ni milimita 648. Katika Fender Mustang, iliyotoka mwaka 1964 ikikusudiwa wanafunzi, na ambayo Kurt Cobain alipenda kuipiga kwa kushoto, ni milimita 610. Squier Mini Strat, iliyotengenezwa kwa mikono midogo, ina takriban milimita 578.

Tofauti inaonekana ndogo, lakini vidole vya mtoto vinaijua. Shingoni kuna vyuma vyembamba vilivyolala, vinaitwa freti. Kufikia freti ya nne katika gitaa la milimita 648 ni safari ya takriban sentimita 13.4, katika lile la milimita 578 ni sentimita 11.9. Nyuzi fupi pia hazikazwi sana ili kutoa sauti ileile, hivyo kuzibonyeza ni rahisi. Kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi, gitaa la aina hiyo dogo linafaa kuanzia. Kijana mwenye mikono iliyokua anaweza kwenda kwenye milimita 610.

Kabla ya kutoa pesa

Magitaa ya kushoto ni machache madukani, na yaliyo mafupi ni machache zaidi. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukwambia uchukue la kulia uligeuze tu. Linageuzika, lakini si bure. Mifereji ya kijiti cha juu imechongwa kwa unene wa kila uzi, hivyo nyuzi zikibadilishwa nafasi, kijiti nacho kibadilishwe. Vitufe vya sauti na tundu la waya vinahamia juu, mkono unapopita. Gitaa ambalo pande zake mbili zinalingana husumbua kidogo.

Paul McCartney wa The Beatles, naye mwenye mashoto, alinunua gitaa lake la besi la Höfner mjini Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Moja ya sababu ilikuwa umbo lake linalofanana na fidla: likishikwa kwa kushoto halionekani kama limepinduliwa.

Ukienda dukani, nenda na mtoto. Alishike shingo ikielekea upande wake wa kulia. Uzi mnene uwe juu, karibu na uso wake, na vitufe viwe chini ya nyuzi. Vitufe vikiwa juu, hilo ni la kulia lililopinduliwa. Unaponunua kwa simu, soma jina la kampuni kwenye kichwa cha gitaa: herufi zikisomeka kinyume, picha ya gitaa la kulia imegeuzwa. Omba video fupi kabla ya kutuma pesa.

Tazama pia nyuzi zisiwe mbali sana na shingo, na omba zifungwe nyembamba, seti inayoanzia namba 9. Mwache asimame nalo kwa mkanda dakika chache. Mabega yakianza kupinda, ni zito kwake.

Vidole na masikio

Ncha za vidole kuuma wiki za mwanzo ni kawaida. Maumivu ya kiganja au mkono, au ganzi, si kawaida. Apumzike, na hali ikiendelea aonwe na daktari. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinamjenga kuliko saa mbili za Jumamosi.

Gitaa la umeme huenda pamoja na amplifaya au spika za masikioni, na hapo mzazi ana kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha sauti kwa watoto kisizidi desibeli 75 kwa saa 40 za usikilizaji kwa wiki. Kama ukimwita kwa sauti ya kawaida ukiwa karibu naye hasikii, punguza.

Na gitaa sahihi lisipopatikana? Elizabeth Cotten, mtoto wa North Carolina mwenye mashoto, alijifunza kwa siri kwenye banjo ya kaka yake. Kisha alifanya kazi za ndani hadi akapata dola 3.75 za kununua gitaa. Lilikuwa la kulia. Alilipindua bila kubadilisha nyuzi, akawa anapiga besi kwa vidole na sauti ya juu kwa kidole gumba. Mwaka 1985, akiwa na umri wa takriban miaka 90, alishinda tuzo ya Grammy.

Hakuwa na gitaa la upande wake. Alichokuwa nacho ni mkono ambao hakuuacha.